Injini ipi inastahili tuzo? Hukumu ya waamuzi na hukumu ya barabara ya Kilosa

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

UKIACHA barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Dumila na kushika njia iendayo Kilosa mjini, hukawii kufika Mvumi. Ni kata ya wakulima, na kama zilivyo kata nyingine za bonde hili, mwaka wake umegawanyika sehemu mbili: wakati wa kulima na wakati wa kusafirisha kilicholimwa. Barabara kubwa ina lami, lakini mazao hayaoti kando ya lami. Hutolewa mashambani kwa njia za udongo ambazo, mvua ikinyesha, hugeuka tope zito linaloweza kulimeza gurudumu zima.

Katika mazingira hayo, mazungumzo kuhusu injini si burudani ya watu wenye nafasi. Mfanyabiashara anayeuza ng'ombe, kukopa kwa ndugu na kuongeza akiba ya miaka kadhaa ili anunue gari la mizigo, kwanza ananunua injini. Mengine yote, kuanzia rangi hadi viti, ni nyongeza. Injini ikifa msimu wa mavuno, mtaji umekufa nayo. Ndiyo maana kwenye gereji, kwenye vijiwe vya bodaboda na penye mizani ya kupimia mazao ubishi haukauki: injini bora ni ipi, na kama kuna tuzo ya kutolewa, nani avishwe?

Tuzo za namna hiyo zipo, na zina heshima kubwa katika viwanda vya magari duniani. Lakini ukiisoma orodha ya washindi wake mbele ya fundi wa kijijini, ataikubali sehemu ndogo tu na nyingine ataicheka. Makala haya yanaeleza tuzo hizo hutolewaje, kwa nini hukumu ya waamuzi na hukumu ya barabara zetu hazifanani, na mnunuzi wa kawaida anaweza kujifunza nini kutokana na tofauti hiyo.

Tuzo za wakubwa

Mwaka 1999 jarida la Uingereza linaloandika habari za teknolojia ya injini, Engine Technology International, lilianzisha tuzo ya kimataifa ya Injini Bora ya Mwaka. Waamuzi wake walikuwa waandishi wa habari za magari kutoka nchi mbalimbali. Hao waliendesha magari, kisha walitoa alama kwa kuangalia ulaji wa mafuta, nguvu, ulaini wa mwendo, kelele na ubunifu wa kiufundi. Kwa miaka mingi injini zilipangwa katika makundi ya ujazo ili ndogo isishindanishwe na kubwa, na mwishoni alitangazwa mshindi wa jumla.

Nchini Marekani, wachapishaji wa majarida ya magari wa Ward's wamekuwa wakitoa orodha ya injini 10 bora tangu katikati ya miaka ya 1990. Wahariri wake huzijaribu katika safari zao za kila siku, kwenda kazini na kurudi nyumbani, katika mji wa Detroit na viunga vyake.

Orodha ya washindi wa jumla wa tuzo ile ya Uingereza ina majina makubwa. BMW ilishinda mwaka 2001 kwa injini ya lita 3.2 ya gari la M3. Mazda ilishinda mwaka 2003 kwa injini ya Renesis, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka bali rota inayozunguka. Toyota ilitwaa tuzo mwaka 2004 kwa injini ya Prius inayosaidiana na mota ya umeme. Volkswagen ilishinda mwaka 2009 na 2010 kwa injini ya lita 1.4, Ford ikashinda mara tatu mfululizo, 2012 hadi 2014, kwa injini ya lita 1.0 yenye silinda tatu, na baadaye Ferrari ikashinda kwa injini yake ya V8 yenye turbo.

Wanaodhani kwamba orodha hiyo haituhusu watashangaa wakimtazama mshindi wa kwanza kabisa. Mwaka 1999 tuzo haikwenda kwa gari la kitajiri. Ilikwenda kwa injini ndogo ya Toyota ya lita 1.0, yenye silinda nne, iliyofungwa katika gari lililoitwa Yaris huko Ulaya. Kwao Japani gari hilo liliitwa Vitz. Ni Vitz hiyo hiyo ambayo Watanzania wameinunua ikiwa imetumika, na ambayo imekuwa ikionekana ikipeleka walimu shuleni na wauguzi zahanati.

Kwa hiyo waamuzi hawakukosea kila mara. Swali ni kwa nini walipatia hapo na wakakosea pengine.

Wanachokiona na wasichokiona

Mwamuzi wa tuzo huliendesha gari likiwa jipya. Oili yake ni safi, mafuta yake ni safi, na barabara anayopita imenyooka. Anachopima ni uhodari wa mhandisi, na kwa kipimo hicho anaweza kuwa sahihi kabisa. Asichoweza kukipima ni miaka 15 ijayo, kwa kuwa haijafika.

Mifano haikosekani. Injini ya Renesis ya Mazda ilisifiwa kwa wepesi na ulaini wake. Miaka michache baada ya tuzo, kampuni hiyo ililazimika kurefusha dhamana ya injini hizo nchini Marekani hadi miaka minane au maili 100,000, kutokana na malalamiko ya wateja. Gari lililoibeba, RX-8, liliacha kutengenezwa mwaka 2012.

BMW nayo iliwaita wenye M3 za awali ili beringi za konrodi zibadilishwe, baada ya baadhi ya injini kuharibika. Injini ya Volkswagen ya lita 1.4, yenye turbo pamoja na kijazio kingine cha hewa kinachoendeshwa na mkanda, iliwaumiza baadhi ya wenye magari kwa pistoni kupasuka na cheni ya taimingi kulegea. Hata injini ndogo ya Ford iliyosifiwa kwa miaka mitatu mfululizo ilifikia hatua ya kuitishwa. Mwezi Desemba 2023, Ford iliyaita magari nchini Marekani kwa sababu ya hitilafu kwenye kikaza mkanda unaoendesha pampu ya oili. Pampu hiyo ikisimama, injini hukosa oili na inaweza kufa papo hapo.

Haina maana kwamba injini hizo ni mbovu. Zilikuwa na ubunifu wa kweli, na nyingi zimetembea bila matatizo. Maana yake ni kwamba tuzo ya mwaka mmoja ni ushahidi wa mwaka mmoja. Ulaya hilo si jambo kubwa, kwa kuwa mnunuzi wa kwanza hulindwa na dhamana. Lakini sisi huku mara nyingi ni wanunuzi wa pili, wa tatu au wa nne. Gari linapofika bandari ya Dar es Salaam dhamana yake imekwisha, na kitabu cha matengenezo, kama kipo, kimeandikwa Kijapani.

Zamani tuzo ilitolewa na barabara

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mashindano yake ya injini, na waamuzi wake walikuwa vumbi, mawe na mito. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaliyoshindana yalifanana kwa kiasi kikubwa na yale yaliyouzwa madukani, hivyo mtazamaji aliyesimama kando ya njia alikuwa akitazama gari ambalo yeye mwenyewe angeweza kulinunua.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, na saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka huo ilishinda Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, safari hizo likiendeshwa na Bert Shankland na mwenzake Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania. Mwaka 1968 Peugeot 404 ikashinda kwa mara nyingine, na idadi ya waliomaliza ikawa saba kama ile ya 1963.

Injini ya Peugeot 404 ilikuwa na ujazo wa lita 1.6 tu. Yapo magari yaliyokuwa na nguvu zaidi yaliyoachwa njiani. Wenyeji walilipata somo bila kusoma jarida lolote. Peugeot ikawa teksi, ikawa gari la abiria, ikawa pikapu ya mizigo katika Afrika Mashariki nzima. Baadaye Datsun ilipofanya vizuri, ikishinda mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, jina la magari ya Kijapani lilijengeka kwa njia hiyo hiyo. Muhindi wa Uganda aliyehamia Kenya, Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, alishinda mara zote akiwa na Datsun.

Tofauti ya Safari na tuzo za Ulaya ni kwamba Safari haikuuliza gari linakwenda vizuri kiasi gani. Iliuliza ni gari gani litafika. Kwa mtu wa Mvumi anayesubiri lori la kuchukua magunia yake, hilo la pili ndilo swali.

Mbio na msukumo

Ili ubishi huu ueleweke, lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: nguvu ya farasi na nguvu ya kuzungusha.

Ndani ya injini, mafuta huchanganyika na hewa, huwaka, na mlipuko huo husukuma pistoni. Pistoni husukuma konrodi, konrodi huzungusha krenki, na mzunguko huo ndio unaofika kwenye magurudumu. Nguvu ya kuzungusha ni uzito wa kila msukumo mmoja. Nguvu ya farasi ni hesabu ya misukumo hiyo yote kwa muda fulani. Kijana mwepesi anayekimbia sana na mzee mnene anayesukuma mkokoteni taratibu wanaweza kufanya kazi ile ile kwa siku. Lakini mkokoteni ukizama kwenye tope, utamwita yule mzee.

Chukua mfano wa injini ya Honda ya gari la S2000, ambayo kuanzia mwaka 2000 hadi 2004 ilishinda mfululizo katika kundi lake la tuzo ya kimataifa. Kwa lita 2.0 tu, bila turbo, ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 230. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ili iutoe msukumo wake mkubwa kabisa, ambao ni takriban nyutoni-mita 210, lazima izunguke mara 7,500 kwa dakika.

Sasa itazame injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990 na inayofahamika nchini kupitia Land Cruiser ambazo wengi huziita Mkonga. Ina silinda sita na lita 4.2, zaidi ya mara mbili ya ile ya Honda, lakini nguvu zake za farasi ni kama 130 tu. Mwamuzi wa Ulaya asingeipa alama. Hata hivyo, msukumo wake mkubwa wa nyutoni-mita 285 unapatikana injini ikiwa katika mizunguko 2,200, yaani karibu na mwendo wa kutembea. Dereva aliyenasa kwenye tope hahitaji kuipigia injini kelele. Anaweka gia nzito, anaachia klachi taratibu, na gari linatoka.

Land Cruiser au Land Rover?

Huo ndio ubishi mkongwe kuliko wote katika nchi hii, na mashabiki wa pande zote mbili ni wakali. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa msafara mkubwa wa magari hayo, ishara kwamba mapenzi hayo hayajapoa.

Upande wa Land Cruiser una hoja ya urahisi. Injini ya 1HZ, katika umbo lake la asili, haina turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika. Mafuta hayarushwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali huwashwa kwanza katika chumba kidogo kilicho pembeni, na hivyo mlipuko hufika kwenye pistoni ukiwa umepunguzwa makali. Silinda sita hugawana mzigo. Hakuna sehemu inayofanya kazi karibu na ukomo wa uwezo wake, na huo ndio msingi wa umri mrefu. Ndiyo maana gari hilo limekuwa likitumika kama gari la wagonjwa, gari la polisi, gari la miradi ya maji na, ikishaongezwa urefu wa bodi, gari la watalii katika mbuga kama Mikumi, iliyo katika mkoa huu huu wa Morogoro.

Upande wa Land Rover hujibu kwa injini ya 300Tdi, iliyoanza kutumika mwaka 1994. Ina silinda nne tu na lita 2.5, lakini kwa msaada wa turbo hutoa nyutoni-mita 265 katika mizunguko 1,800. Yaani karibu kazi ile ile, kwa ujazo unaokaribia nusu. Kwa kuwa mafuta hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda, joto halipotei katika chumba cha pembeni na ulaji wa dizeli hupungua. Nayo pia haina kompyuta, na fundi anaweza kuifungua chini ya mti kwa spana za kawaida.

Kila upande una dhambi zake. Hedi ya silinda ya 300Tdi ni ya aluminiamu. Dereva akiacha injini ichemke, hedi hupinda na gasketi huungua. Injini za kwanza za aina hiyo zilisumbua pia kwa mkanda wa taimingi kukaa upande na kuliwa. Kwa upande wake, 1HZ ni nzito kupanda milima, inakula mafuta, nayo pia ina mkanda wa taimingi ambao usipobadilishwa kwa wakati unaweza kukatika na kuharibu injini yote. Wengi wanaolaani injini hiyo kwamba imewafia ghafla waliusahau mkanda huo.

Kwa mtu mwenye gari moja na safari ndefu za lami, hoja ya Land Rover ya kupunguza mafuta ina uzito. Kwa hospitali inayotuma gari kumfuata mama mjamzito usiku wa mvua, hoja ya Land Cruiser ni nzito zaidi, kwa kuwa hapo lita moja ya ziada si kitu ikilinganishwa na gari kutowaka.

Kisa cha D4

Kama kuna injini iliyotukanwa zaidi katika gereji za Tanzania, ni ile iliyopewa jina la D4. Nayo inastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Katika injini ya kawaida ya petroli, nozeli hunyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, kwa shinikizo dogo. Mwaka 1996 makampuni ya Kijapani yalianza kuuza injini ambazo petroli hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kama ilivyo kwenye dizeli. Mitsubishi iliita mfumo wake GDI, na Toyota ikauita D-4. Lengo lilikuwa kuchoma mafuta kidogo zaidi, na kwa wahandisi ilikuwa hatua kubwa. Leo injini nyingi mpya za petroli duniani zinatumia njia hiyo.

Shida ilianza magari hayo yalipofika huku yakiwa yametumika. Pampu ya shinikizo kubwa imechongwa kwa vipimo vidogo mno, na hulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake. Uchafu kidogo, maji kidogo, au petroli iliyochanganywa na kitu kingine, vinatosha kuiua. Aidha, kwa kuwa petroli haipiti tena kwenye njia ya hewa, hakuna cha kuisafisha njia hiyo, na masizi hujijenga taratibu hadi injini inakosa pumzi.

Itakumbukwa kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo uchakachuaji wa mafuta ulishamiri. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, hivyo wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli na petroli ili wajipatie faida. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuyatambua yaliyochanganywa, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Kuanzia Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana pia kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni.

Kwa hiyo fundi anaposema D4 ni injini mbaya, anasema kweli kwa sehemu. Ni injini iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya Japani, ikaletwa mahali ambapo mafuta yalikuwa mengine. Injini na mafuta yake ni kama mbegu na udongo. Mbegu bora iliyopandwa mahali pasipoifaa haitoi gunia.

Zilizosahauliwa

Katika ubishi wa magari makubwa, wapo watumishi ambao hakuna anayewataja. Wa kwanza ni injini ya Toyota iitwayo 1NZ, ya lita 1.5, na ndugu yake 2NZ ya lita 1.3. Hizo ndizo zilizofungwa katika magari ya IST yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002, na katika Vitz na Raum za miaka hiyo. Zina cheni badala ya mkanda wa taimingi, hunyunyiza petroli kwa njia ya kawaida, na vipuri vyake vimeenea madukani. Mtumiaji wa kawaida hakumbuki kama zina jina, na kutokukumbukwa ni sifa: watu hulijua jina la injini pale inapowasumbua.

Wa pili ni injini ya pikipiki. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilibuni pikipiki ya CG125 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi na matengenezo ni ya shida. Wahandisi waliacha cheni ya kuzungusha kamshafti, inayohitaji kukazwa mara kwa mara, na kurudia vijiti vya kusukuma valvu, mbinu iliyokuwa ya kizamani hata wakati huo. Injini ikawa haina mbwembwe lakini inavumilia oili chafu na mzigo mkubwa. Viwanda vya China viliiga muundo huo kwa mamilioni, na kupitia pikipiki za Kichina ukaingia kwenye bodaboda za Tanzania. Leo abiria anayetoka Dumila kuingia vijiji vya ndani huenda anabebwa na mawazo ya wahandisi wa zaidi ya miaka 45 iliyopita.

Wa tatu hana hata magurudumu. Kabla umeme haujasambazwa vijijini, mashine nyingi za kusaga nafaka ziliendeshwa na injini za dizeli za aina ya Lister, zilizobuniwa katika mji mdogo wa Dursley, Uingereza, na baadaye kunakiliwa sana nchini India. Ya nguvu sita za farasi ilizunguka mara 650 tu kwa dakika, na mlio wake wa kudunda ulisikika kijiji kizima. Mwenye kujitwisha debe la mahindi aliujua mlio huo kabla hajafika mashineni.

 Mbili kati ya hizo tatu hazikuwa na nafasi ya kushindania Injini Bora ya Mwaka hata kidogo, kwa kuwa tuzo ilikuwa ya injini za magari.

Haki kwa waamuzi

Hata hivyo, si haki kumalizia kwa kusema kwamba ya zamani ndiyo bora daima. Dizeli kongwe hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu, na wanaouvuta zaidi ni wanaoishi na kufanya biashara kandokando ya barabara. Aidha, mafuta ni gharama ya kila siku. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza Sh40 katika kila lita ya mafuta. Mabadiliko hayo yana maana kwamba injini inayokula sana inamlipisha mwenye gari kila anaposimama kituoni.

Kodi ya kuingiza gari nayo hutazama injini. Ushuru wa bidhaa huongezeka ujazo unapovuka sentimita za ujazo 1,000, na tena unapovuka 2,000, na gari lenye umri mkubwa hutozwa nyongeza. Hapo ndipo ile Vitz ya lita 1.0, mshindi wa mwaka 1999, inapothibitisha kwamba tuzo na maisha vinaweza kukutana. Waamuzi waliipenda kwa kuwa ilifanya mengi kwa mafuta machache. Wanunuzi wetu waliipenda kwa sababu hiyo hiyo, na kwa kuwa ubunifu wake haukutegemea kifaa kimoja dhaifu ambacho kikifa huua vyote.

Hapo ndipo pia jibu la ubishi wa gereji lilipo. Ubunifu unaopunguza kazi ya injini huzeeka vizuri. Ubunifu unaoilazimisha injini ndogo kufanya kazi ya kubwa, au unaotegemea usafi usiopatikana, hung'ara siku ya tuzo na kuzeeka vibaya.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kwa msomaji ambaye mtaji wake umo katika gari atakalolinunua, maswali yafuatayo yana faida kuliko orodha yoyote ya washindi.

Kwanza, je, kuna magari mangapi ya injini hiyo katika wilaya yako? Injini bora isiyo na vipuri Kilosa au Morogoro mjini ni mbaya kuliko ya wastani yenye vipuri kila duka.

Pili, fundi wako ameshawahi kuifungua? Uzoefu wa fundi ni sehemu ya injini, ingawa hauandikwi kwenye kadi ya gari.

Tatu, ina mkanda au cheni ya taimingi, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini? Kama muuzaji hajui, hesabu gharama ya kubadilisha mara moja kuwa ni sehemu ya bei.

Nne, mafuta hurushwa wapi na kwa shinikizo gani? Kama ni mfumo wa shinikizo kubwa, uwe na uhakika wa kituo unachojaza, na usipuuze kichujio cha mafuta.

Tano, rediata na feni zikoje? Injini nyingi zinazokufa katika joto la bonde hili haziuawi na mzigo, bali na maji yaliyovuja bila dereva kutazama geji.

Mwisho, injini hiyo imetimiza miaka mingapi barabarani, na walioitumia kwa miaka 10 wanasemaje? Hilo ndilo jopo la waamuzi ambalo Ulaya haina. Lipo kwenye gereji za Dumila, Mvumi na Kilosa mjini, mikono ikiwa na grisi, na hukumu yake hutolewa bure kwa yeyote atakayesimama na kuuliza.